Subiri Zamu Yako, Anasema Nani?

Kwetu Tanzania, kijana akianza kung'ara kwenye siasa huambiwa asubiri zamu yake. Nilipohamia Marekani nilidhani nimeliacha neno hilo uwanja wa ndege. Wapi! Obama aliapishwa kuwa seneta Januari 2005, na Februari 2007 akatangaza nia ya urais pale Springfield. Miaka miwili tu! Wengi tulisema ana pupa, mimi nikiwemo. Isitoshe, mwaka 2000 mbunge Bobby Rush alikuwa amembwaga vibaya kwenye kura za mchujo za kuwania Bunge la Wawakilishi.

Ila "bado" yetu haikuwa na meno. Alikwenda Iowa, jimbo lililofungua mchujo wa chama chake, akawauliza wapiga kura wenyewe, nao wakamjibu kwa kumpa ushindi Januari 3, 2008.

Nyumbani saa inashikwa na vikao vya chama. Mgombea binafsi haruhusiwi, kwa hiyo chama kikikukata, umekatika. Wazee hupenda kunitolea mfano wa Kikwete: mwaka 1995, akiwa na miaka 44, aliongoza duru ya kwanza ndani ya CCM, ya pili Mkapa akampita. Akatulia miaka kumi, na 2005 akashinda kwa asilimia 80. Sawa, subira ilimlipa. Mbona Lowassa hawamtaji? Naye aliutaka urais 1995. Akasubiri miaka ishirini. Katikati akawa Waziri Mkuu, akajiuzulu 2008 kwa sakata la mkataba wa umeme wa Richmond, akajipanga upya. Julai 2015, Dodoma, jina lake halikufika hata tano bora. Akahamia chama cha upinzani, Chadema, na kupata kura zaidi ya milioni sita, karibu asilimia 40, akashindwa na Magufuli. Subira ileile, ila vikao vilimtaka mmoja na havikumtaka mwingine. Ndiyo maana mtu akimwambia kijana "subiri", mimi huuliza kwanza anayesema ana kura ngapi kikaoni.

Huku ukichelewa, mara nyingi umejichelewesha. Mario Cuomo, gavana wa New York, alisitasita mpaka Desemba 1991, akaamua kutogombea, na mwaka uliofuata urais ukaenda kwa Clinton. Biden naye alijitosa mara ya kwanza 1987 akiwa na miaka 44, umri uleule wa Kikwete. Akaanguka, akajaribu tena 2008, akaupata 2020 akiwa na 77. Hakuna kikao kilichomzuia kuchukua fomu. (Fedha ni habari nyingine. Asiyekuwa na wafadhili, Iowa hafiki.)

Basi Julai 2024 Biden akajitoa, wakubwa wa chama wakiwa wamembana. Kaka yangu akaniandikia kutoka nyumbani: "Kumbe na huko majina hukatwa?" Nikamjibu kwa haraka kwamba hapana, huyu alishashinda kura za mchujo. Nilipousoma tena ujumbe wangu, niliona nimeipa nguvu hoja yake: hata aliyepigiwa kura alikatwa.