Ubao Uliommeza Vicki

Filamu ya Kanada iitwayo Hello Mary Lou: Prom Night II, iliyotoka mwaka 1987 chini ya uongozaji wa Bruce Pittman, mara nyingi hutajwa kwa dharau kuwa ni mwendelezo usioendeleza kitu, na mimi naona dharau hiyo haiitendei haki. Ni kweli kwamba haifungamani na filamu ya kwanza, Prom Night ya mwaka 1980, ile aliyoigiza Jamie Lee Curtis, isipokuwa kwa jina la shule ya Hamilton. Lakini kwa kuwa mwandishi Ron Oliver hakubanwa na hadithi ya awali, aliweza kumweka kando muuaji mwenye kinyago na kuifanya shule yenyewe iwe mtego.

Kisa kinaanza mwaka 1957. Mary Lou Maloney, msichana mrembo na mkaidi, yuko jukwaani akingoja kuvishwa taji la malkia wa dansi ya shule, wakati mpenzi wake Billy, aliyemfumania muda mfupi kabla na mvulana mwingine, anapomwangushia bomu la uvundo kwa nia ya kumwaibisha tu. Utambi unashika gauni, na msichana anateketea mbele ya wenzake. Miaka 30 baadaye Billy ndiye mkuu wa shule hiyo hiyo, na mwanawe Craig anampenda Vicki Carpenter, binti wa mama mshika dini asiyekubali kumpatia gauni jipya. Ni kwa kukosa gauni ndipo Vicki anakwenda kupekua stoo ya vifaa vya maigizo, anafungua sanduku kuukuu lenye taji la Mary Lou, na mzuka unatoka.

Tukio ninalolirudia kila mara ni lile la ubao. Vicki ameadhibiwa kubaki darasani baada ya masomo. Ubao mweusi, ambao kila mwanafunzi ameukodolea macho kwa uchovu, unalegea na kuwa kama maji ya kisima, kisha unamvuta na kummeza mzima mzima. Tunachekeshwa na upuuzi wa ubao unaokula mtoto, na wakati huo huo koo linakauka, kwa sababu hofu ile ya kufungiwa darasani peke yako tunaijua. Hakuna damu hata tone. Baada ya hapo mwili wa Vicki ni wa Mary Lou, anayetembea kwenye korido akiwa na mavazi na misemo ya miaka ya 1950, na Wendy Lyon anaigiza mageuzi hayo kwa furaha ya mtu aliyefunguliwa minyororo.

Makabati ya wanafunzi nayo yana zamu yake. Monica, mwanafunzi mwenzake Vicki, anajificha ndani ya kabati moja, na safu nzima inajikunja kama karatasi. Hapo pia silaha ni kifaa cha shule ambacho asubuhi hakimtishi mtu. (Mpenzi wa filamu za kutisha atafurahia pia majina ya wahusika: Carpenter, Craven, Browning na Waters ni majina ya waongozaji mashuhuri, nami naliona hilo kuwa ni heshima iliyotolewa kwa moyo.)

Siifichi kasoro yake. Sehemu ya dansi ukumbini inaazima waziwazi kutoka kwa filamu ya Carrie ya mwaka 1976, na vurugu za taa na milango zinachukua nafasi ambayo ningependa wapewe wahusika. Hata hivyo filamu haianguki, na anayeishikilia ni Michael Ironside, anayemwigiza mkuu wa shule bila kutabasamu wala kukonyeza macho, kana kwamba yumo katika tamthilia nzito kuhusu mtu aliyezika kosa lake kwa miaka 30. Wanaomzunguka wanapiga chumvi kadiri wawezavyo. Yeye anabaki na uso wa mwenye deni. Kwa hiyo anapolichukua lile taji na kumwendea Mary Lou ili amvishe kwa mikono yake mwenyewe, mimi huwa nimeshaacha kucheka.