Mtakatifu Maurisi arudishiwe uso wake

Nikifika Magdeburg, Ujerumani, naingia Kanisa Kuu na kwenda moja kwa moja upande wa altare, alipo Mtakatifu Maurisi, msimamizi wa mji ule. Ni sanamu ya jiwe la mchanga. Miguu imevunjika, na mkuki aliokuwa ameushika haupo tena; mkono umebaki umefumbata hewa. Lakini uso upo. Ni mweusi, rangi ya zamani bado imeng'ang'ania jiwe, midomo imejaa, mashavu yametulia, na deraya imeuzunguka hadi kidevuni. Ukisogea karibu unaona mchongaji alivyohangaika na vikuku vidogo vidogo vya deraya ile, safu kwa safu. Anatazama kama mzee wa ukoo anayesikiliza shauri mpaka mwisho kabla ya kutia neno.

Ilichongwa karibu mwaka 1240. Kila ninapoutaja mwaka huo kwa ndugu zangu wanaoishi huku, wanadhani nimekosea.

Masimulizi ya Kanisa yanasema Maurisi alikuwa jemadari wa kikosi cha Kirumi kilichotoka Thebe, Misri, na kwamba mwishoni mwa karne ya 3 aliuawa pamoja na askari wake huko Agaunum, leo Saint-Maurice nchini Uswisi, kwa kukataa kuwatesa Wakristo wenzao. Mfalme Otto wa Kwanza wa Ujerumani alimjengea monasteri Magdeburg mwaka 937. Kwa muda mrefu wasanii walimwonyesha kama Mzungu. Kanisa la Otto liliungua mwaka 1207, na katika hili jipya ndipo fundi mmoja alipomchonga Mwafrika, akampa heshima yote ya shujaa wa zama zake.

Sasa nenda Coburg, kusini zaidi. Huko pia Maurisi ndiye msimamizi, na nembo ya mji ni kichwa chake. Kichwa tu: cheusi, kimetazama pembeni, na hereni ya dhahabu sikioni. Unakikuta hata kwenye mifuniko ya chemba za maji taka barabarani, watu wanapita juu yake na viatu. Deraya haipo, wala mkuki, wala alama yoyote ya utakatifu. Mgeni asiyeambiwa hawezi kujua kwamba huyu ni mtu aliyeombewa rehema na kuwashiwa mishumaa kwa karne nyingi.

Mwaka 2020 kulizuka ubishi mkali: wengine walitaka nembo ile iondolewe kwa kuwa inawadhalilisha watu weusi, wengine wakasema ni heshima kwa mtakatifu. Hawa wa pili wana hoja nzito, na inanigusa. Manazi ndio walioifuta mwaka 1934, wakaweka upanga wenye swastika, alama ya chama chao, kwa sababu hawakuvumilia Mwafrika awe alama ya mji wa Kijerumani. Ilirudishwa mwaka 1945. Kumwondoa tena kungeniuma sana.

Lakini heshima si kuwepo tu. Mtu akikuwekea picha ya babu yako sebuleni kisha akaichora kama kikaragosi, hutamshukuru kwa kuitundika. Mimi nasema Maurisi abaki Coburg, ila arudishiwe uso wake. Mfano upo tayari, umesimama Magdeburg karibu miaka mia nane. Wachongaji wa leo waende wakautazame, wapime yale mashavu, wazihesabu zile safu za vikuku, kisha wausimamishe mwili mzima uwanjani, mahali ambapo mtoto mweusi anayekulia pale atamkuta akienda shule. Na awe na mkuki wake mkononi.

Sikukuu yake ni tarehe 22 Septemba. Mwaka huu nitakuwa Magdeburg, na nitawachukua wanangu wawili. Mkubwa ameshaniuliza kama wanaruhusu kumgusa mkono.