Orijino, Kopi na Runinga ya Kisogo

Miongoni mwa wapenzi wa gemu za kale hapa Nairobi kuna wanaoshikilia kwamba asiyechezea mashine iliyotoka kiwandani kwa Nintendo au Sega hajaicheza gemu yenyewe. Wenzao hujibu kwamba kopi ya bei nafuu inatosha, mradi Mario anaruka. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinausahau mji zinamoishi. Kwa mtoto aliyekulia Buruburu, Umoja au Kariobangi katika miaka ya 1990, kopi ndiyo iliyokuwa mashine. Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, ilianza kuuzwa Japani mwaka 1983, na NES, ambayo ni mashine hiyohiyo katika umbo jingine, ikaingia Marekani mwaka 1985. Kilichowafikia wengi wetu ni visanduku vya Taiwan na Uchina vyenye chipu za kuiga, pamoja na kaseti zilizojigamba kuwa na maelfu ya gemu, kumbe ni chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti.

Hoja nzito kuliko zote ya watetezi wa orijino ni sauti. Chipu ya Ricoh iliyo ndani ya Famicom ina njia tano za sauti, na mbili kati yake hutoa mawimbi ya mraba ambayo mtunzi wa muziki huchagua upana wake. Upana ukibadilika, muziki hubadilika tabia: mwembamba huwa mkali wa puani, mpana huwa mnene na laini. Katika kopi nyingi, vipimo viwili vya upana huo vimebadilishana nafasi. Wimbo ule ule, noti zile zile, lakini mwimbaji mwingine. Mtu aliyekaa akachagua sauti hizo alijua anachofanya, na kuzisikia alivyozikusudia ni heshima ndogo anayostahili. Kwa hili siwezi kuwabishia watu wa orijino hata kidogo.

Ila orijino ya wapi? Kenya ilitumia mfumo wa runinga wa PAL, wa picha 50 kwa sekunde, ilhali Japani na Marekani zilitumia NTSC, wa picha 60. Nintendo ilipoitengenezea Ulaya NES ya PAL, iliipunguza kasi ya prosesa kutoka megahezi 1.79 hadi 1.66. Sauti huzalishwa na chipu hiyohiyo, kwa hiyo gemu ambayo haikurekebishwa, na nyingi hazikurekebishwa, ilishuka mwendo kwa takriban moja ya sita na muziki wake ukashuka kwa zaidi ya nusu toni. Wahandisi wa kopi walikuwa na shida tofauti: wateja wao wa nchi za PAL walikuwa na kaseti zilizotengenezwa kwa mashine ya Japani. Ndipo kampuni ya UMC ya Taiwan ikatoa chipu za kopi, UA6527P na mwenzake UA6538, zinazotoa picha 50 kwa sekunde lakini prosesa ikienda megahezi 1.77, karibu sawa na ile ya Japani. Mwendo wa gemu bado ulipungua, lakini kimo cha noti kilibaki karibu pale pale, na gemu zilizotegemea hesabu za muda za Famicom hazikuvurugika. Kwa jambo hili, kopi iliikaribia Famicom kuliko NES halali iliyouzwa London. Anayeziita zote takataka hajazifungua akatazama.

Kisha kuna kazi ya kuishi na mashine ya kale. Adapta ya Famicom ilitengenezewa umeme wa volti 100. Ichomeke moja kwa moja kwenye soketi yetu ya 240 na utanusa moshi kabla ya kuona picha. Kapasita huzeeka na baadhi huvuja. Betri ndogo zinazohifadhi maendeleo ya mchezaji ndani ya kaseti nazo hufa, na safari ya miezi hufutika. Mafundi wa Luthuli Avenue wana mikono ya kuyarekebisha haya, na kazi yao huirefusha mashine maisha kuliko mkusanyaji anayeifungia kabatini. Tatizo ni vipuri na gharama ya kuagiza: nauli, forodha, na VAT ya asilimia 16. Mtu anayetaka tu kucheza na wanawe Jumapili jioni ana kila sababu ya kuyakwepa.

Linalonishangaza ni kwamba ubishi huu wote husahau runinga. Chukua Duck Hunt, gemu ya kuwinda bata kwa bunduki ya kuchezea. Ukifyatua bunduki, kioo huwa cheusi kwa kufumba na kufumbua, kisha bata hugeuka kiboksi cheupe, na jicho la bunduki hutafuta mwanga huo kwa wakati maalumu ambao runinga ya kisogo, yaani ile ya zamani yenye mgongo mkubwa, huchora mistari yake. Runinga bapa huchelewa na huchora kwa njia nyingine, kwa hiyo bunduki haioni kitu, iwe ya Nintendo au ya kopi. Hata pasipo bunduki, runinga bapa nyingi huichukulia picha ya mashine hizi kama aina nyingine ya mawimbi, zikaichakata bure, na pedi ikahisi nzito mkononi. Kopi ya zamani kwenye runinga ya kisogo ya Great Wall iliyo nzima itakupa mkono mwepesi kuliko Famicom ya gharama iliyochomekwa kwenye runinga bapa ya inchi 55. Mwenye pesa za kitu kimoja tu, nashauri atafute runinga kwanza.

Siwezi kuvitetea vijiti vipya vya HDMI, vinavyochomekwa kwenye runinga bapa, vinavyouzwa mjini vikiwa na maelfu ya gemu. Ndani yake kuna emuleta, yaani programu inayoigiza mashine ya zamani, ya haraka haraka, sauti inakwaruza, na hakuna aliyelipwa. Hataza, yaani haki za uvumbuzi, za teknolojia ya Famicom zimeisha muda, kwa hiyo kuunda mashine kama hiyo leo si kosa. Gemu zenyewe bado zina hakimiliki, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta. Kopi za zamani nazo zilibeba gemu za wizi, sitalificha hilo. Lakini sasa tuna watu wetu katika kazi ya kutengeneza gemu, kama kampuni ya Leti Arts, iliyoanzishwa na Mkenya Wesley Kirinya na Mghana Eyram Tawia, na ni vigumu kuwaomba wanunuzi wawalipe hao huku tukiwasifia wauza vijiti.

Kwa mwenye uwezo kuna njia ya tatu: mashine za FPGA, chipu inayopangwa upya ifuate saketi ya zamani badala ya programu kuiigiza. Super Nt ya Analogue ilitoka mwaka 2018 kwa takriban dola 190, ikipokea kaseti halali za Super Nintendo na kutoa picha safi kwa HDMI. Nayo ni kopi, na ni nzuri ajabu.

Famicom za Japani zina wakusanyaji wengi duniani na hazitapotea. Visanduku vilivyofika Nairobi vinaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na sehemu kubwa ya utoto wa mji huu iko ndani yake. Kama kuna kimoja juu ya kabati kwenu, kifungue kabla ya kukiuza, piga picha bodi yake, andika namba za chipu, kisha mpelekee fundi aone kama kitawaka.