Kumwita kibundi kwa rekodi katika majira ya mapukutiko

Wapiga picha wengi wa misitu ya milimani barani Ulaya huamini kwamba majira ya mapukutiko ndiyo wakati salama wa kumwita kibundi mdogo, Glaucidium passerinum, kwa rekodi ya sauti yake, kwa kuwa hana mayai wala makinda. Hoja hiyo ina uzito: huitikia upesi, huwinda kungali na mwanga, na picha yake huwafanya watu wamjali ndege ambaye wasingejua kwamba yupo.

Hata hivyo, wanaopinga hueleweka vibaya, kana kwamba wanalinda viota vilivyo vitupu. Wanacholinda ni akiba ya chakula. Kibundi huyu ana uzito wa gramu 60 hivi, na panya wa msituni mwenye gramu 20 ni thuluthi ya uzito huo. Mwili mdogo namna hiyo hauwezi kuhifadhi mafuta ya kumvusha majira marefu ya baridi, kwa hiyo ifikapo Oktoba huanza kuua wanyama wengi kuliko anaoweza kula na kurundika mizoga katika matundu ya miti. Akiba yenyewe haina uhakika. Magharibi mwa Finland ilifuatiliwa kuanzia 2003 hadi 2018, ikabainika kwamba siku za mvua zikizidi huoza, na majike walioitumia ikiwa imeoza hawakupatikana tena kwa wingi kama wenzao, ama kwa kufa ama kwa kuhama. Katika hali hiyo, kila saa ya kuwinda ina thamani.

Dume anaposikia rekodi hudhani mpinzani ameingia katika eneo lake. Huacha kuwinda, hupanda kileleni mwa msonobari na kupiga mluzi, huku ndege wadogo wakimzingira kwa kelele zinazofichua alipo. Mara moja huenda isimdhuru. Lakini eneo likishajulikana, huitwa na mgeni huyu leo na mwingine kesho.

Ni kweli kwamba watafiti nao hutumia rekodi. Tofauti ni kwamba mtafiti akishajibiwa huandika na kuondoka, ilhali mpiga picha akishajibiwa ndipo huanza kazi, kwa sababu lenzi yake humtaka ndege asogee karibu zaidi. Naye mpiga picha hana haja ya rekodi: katika majira haya dume hulia mwenyewe alfajiri na jioni, na kelele za ndege wadogo humwongoza msikilizaji hadi kwenye mti aliotua.