Kurudi Barabarani na Lori Lako Mwenyewe: Hesabu Inayosomwa Vibaya

Dereva aliyewahi kuendesha malori ya masafa marefu nchini Marekani, akaacha kwa miaka kadhaa, na sasa anataka kurudi akiwa na lori lake na hati yake mwenyewe ya uchukuzi, yaani kibali cha serikali cha kubeba mizigo kwa jina lake, hupewa jibu moja karibu kila anapolitaja wazo hilo: amechelewa. Huambiwa kwamba malipo ya mizigo yalishuka tangu 2022 baada ya kupanda kupita kiasi wakati wa korona, na kwamba hata kampuni ya Yellow, iliyokuwa inakaribia miaka 100, ilifunga shughuli zake mwaka 2023. Kushuka kwa malipo ni kweli na kumewaumiza wengi. Mfano wa Yellow, hata hivyo, haumhusu sana mtu huyu, kwa kuwa kampuni ile ilikusanya na kugawa mizigo midogo kupitia vituo vyake vingi, tena ilielemewa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 1.

Hoja nzito zaidi ya wanaomkataza ni ya gharama. ATRI, taasisi ya Marekani ya utafiti wa uchukuzi, ilikadiria kwamba mwaka 2023 kuendesha lori kuligharimu wastani wa dola 2.27 kwa kila maili, na watu huichukua namba hiyo, wakailinganisha na malipo ya soko, kisha wakahitimisha kwamba mwenye lori moja hawezi kubaki na kitu. Namba ni sahihi, ila husomwa bila kufunguliwa. Ndani yake mna senti 77.9 za mshahara wa dereva na senti 18.8 za marupurupu yake, yaani karibu senti 97 ambazo dereva mwenye lori hamlipi mtu mwingine. Ndizo riziki yake mwenyewe. Mna pia senti 36 za malipo ya ununuzi au ukodishaji wa lori na tela. Mtu aliyelipia lori lake lote akiziondoa hizo pia, hubakiwa na takriban senti 94 za matumizi halisi: dizeli, matengenezo, bima, matairi, vibali na ada za barabara.

Hapo lazima tuwe waangalifu, kwa sababu wastani huo unatokana na kampuni zinazonunua dizeli kwa bei ya jumla na kupata bima kwa unafuu ambao mwenye hati mpya hataupata, na lori la zamani hudai fundi mara nyingi kuliko jipya. Basi tuzidishe mara mbili gharama ya matengenezo na ya bima. Tunafika kwenye dola 1.24 kwa maili. Tuchukulie pia kwamba katika kila maili 6 moja huendeshwa bila mzigo, na kwamba mzigo unalipa dola 2 tu kwa maili, kiwango ambacho ni cha soko lililolala. Dereva huyo atabaki na senti 42 kwa kila maili anayoendesha, sawa na dola 42,000 kwa maili 100,000, kabla ya bima ya afya na kabla ya kodi, ikiwamo asilimia 15.3 ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya serikali kwa wazee) ambayo aliyejiajiri huibeba peke yake. Si utajiri, na ni pungufu ya mshahara wa wastani uliomo katika hesabu ile ile. Lakini mweke kando yake mwenzake mwenye lori la namna hiyo, barabara hiyo hiyo na mzigo huo huo, ila anadaiwa zile senti 36. Huyo anabaki na senti 6.

Tofauti hiyo ya senti 42 na senti 6 ndiyo inayonifanya niandike. Wengi wanaohesabiwa kuwa walishindwa na uhuru walishindwa na deni, na baadhi yao hawakuwahi kuwa huru kamwe. Mkataba ambao kampuni humkodisha dereva lori kwa ahadi ya kulimiliki baadaye, ikamkata malipo kila wiki na kumpangia mizigo yenyewe, humwachia hatari zote za mwenye mali bila mamlaka yake. Katika shauri la New Prime dhidi ya Oliveira, lililofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa Januari 2019, dereva alidai kwamba makato ya namna hiyo wakati mwingine yaliyazidi malipo yake. Jopo la serikali ya Marekani lililoundwa kuichunguza mikataba hiyo ya kukodisha lori lilipendekeza Januari 2025 kwamba ipigwe marufuku.

Upande wa pili una hoja ambazo hesabu yangu haizifuti. Anayerudi baada ya miaka kumi atakuta kifaa cha kielektroniki kinachorekodi saa zake, sharti lililoanza Desemba 2017, na atakuta kwamba saa 11 za kuendesha lazima ziishie ndani ya saa 14 zinazoendelea kuhesabika hata anaposubirishwa ghalani. Hati mpya huwekwa chini ya uangalizi kwa miezi 18, na madalali wengi wa mizigo hawampi kazi mwenye hati ya wiki chache, ingawa bima yake inaendelea kudai malipo.

Hata hivyo, ni katika kusubirishwa huko huko ambamo umiliki una thamani isiyoonekana kwenye jedwali la ATRI. Dereva wa kuajiriwa aliyepoteza saa 5 kwenye ghala fulani anaweza kupangiwa ghala hilo tena wiki ijayo. Mwenye hati yake hulikataa, na akiwa hana deni la lori la kulipa kila wiki, anaweza kulikataa bila kuhofia lori kuchukuliwa. Kwa mtu wa miaka 50 na kitu, anayeujua mwili wake na anayejua ni barabara zipi za milimani hataki kuzipita wakati wa theluji, uwezo huo ni sehemu ya malipo.

Asiye na akiba ya kufufua injini iliyokufa katikati ya safari asianze na hati yake. Anaweza kuliingiza lori lake chini ya hati ya kampuni iliyokwisha kukomaa, ambayo hubeba bima kuu ya dhima (ya madhara kwa watu wengine) na kuchukua sehemu ya malipo ya kila mzigo, mradi lori liwe lake kweli na mkataba umruhusu kuondoka nalo.