Kikombe kinacholia si lazima ndicho kibovu

Manyunyu ya kwanza ya vuli yakidondoka Mwanza, nguzo za msongo wa kilovolti 33 huanza kulia kama dagaa kwenye mafuta ya moto: chrrr, kimya, chrrr tena. Alfajiri, giza likiwa bado zito, utaona na vijicheche vya buluu. Kijiweni hukumu hutoka upesi, nayo huangukia vikombe, vile vihami vinavyoushika waya ili umeme usipite kwenye nguzo: "Ni hivi vikombe vyao vya plastiki. Vile vya kauri vya zamani havikuwa hivi."

Jirani yangu wa Nyakato, fundi wa laini aliyestaafu, husema hivyohivyo, naye si mtu wa kuropoka. Ana hoja, na nitaifikia. Ila hilo la kulia amelikosea.

Kauri hupendana na maji. Kikombe cha kauri kikilowa, maji hutanda juu yake kama chai iliyomwagika mezani, na yakikutana na vumbi hupitisha mkondo mdogo, wa miliampea chache. Mkondo huo hupasha joto, na pale kikombe kinapokuwa chembamba, karibu na shina, maji hukauka kwanza. Hapo sasa una mkanda mkavu ndani ya utando uliolowa, na karibu msongo wote wa waya hadi ardhini, kama kilovolti 19 kwenye laini ya 33, unabebwa na huo mkanda mwembamba. Hewa haistahimili, cheche inaruka. Manyunyu yanalowesha tena, mchezo unaanza upya. Siku cheche zikishikana kutoka waya hadi chuma cha nguzo, mtaa mzima unaingia gizani. Kwa hiyo kauri nayo hulia, tena sana, tumesahau tu.

Silikoni, aina ya mpira ambayo ndiyo hiyo "plastiki" yenyewe, hukataa maji kama jani la gimbi. Nilimwona fundi kijana akiweka vikombe viwili nyuma ya pikapu, cha kauri na cha silikoni, akavipulizia maji kwa chupa ya kinyozi. Kwenye kauri maji yalitanda mara moja. Kwenye silikoni yalijikunja yakawa shanga, kila tone peke yake, na katikati yake pakavu kabisa. Matone yasiyoshikana mikono hayapitishi mkondo wa maana.

Si kwamba yametulia. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na tone lililo karibu na waya hutetemeka mara 100, likivutika hadi likachongoka. Kwenye ncha zake hewa huanza kuvuja umeme uga wa umeme, yaani nguvu yake ya kusukuma, ukifika kilovolti 4 au 5 tu kwa sentimita, wakati hewa kavu huhitaji kama 30. Mlio unaousikia unaweza kuwa huo. Nao, ukiendelea usiku kucha, huichosha silikoni: ngozi yake inaacha kukataa maji. Ila ipe mapumziko ya saa kadhaa, au siku chache, mafuta mepesi ya silikoni yatapanda kutoka ndani, yatapenya hata kwenye uchafu uliogandia juu, na uchafu wenyewe utaanza kukataa maji. Kauri haina uwezo huo hata kidogo.

Wapinzani wa silikoni wana namba moja wanayoipenda, na ni ya kweli: maji ya Ziwa Victoria hupitisha umeme kwa kiasi cha maikrosimensi 100 hivi kwa sentimita, ya bahari kama 50,000. Mara mia tano! Silikoni, wanasema, ni dawa ya Tanga na Dar es Salaam kwenye chumvi. Huku ziwani inatibu ugonjwa ambao hatuna.

Namba hii imenisumbua muda mrefu. Tatizo ni kwamba inapima maji yasiyopanda nguzoni. Kinacholowesha kikombe ni umande na manyunyu, na hayo huyeyusha kile yanachokikuta pale juu. Na yanakuta nini? Vumbi la barabara lililojikusanya tangu Juni, majivu ya mkaa, moshi wa kukaushia samaki, na kinyesi cha korongo, ambao mji huu umewajaza kila dampo. Mvua kubwa ya radi ingeviosha vyote. Manyunyu yanavikoroga tu. Ongeza kwamba ziwa liko mita 1,134 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko ya pwani, na hewa nyepesi huachia cheche mapema. Utamu wa maji ya ziwa hautusaidii kiasi wanachodhani.

Sasa hoja ya jirani yangu. Kikombe cha kioo, ambacho nacho hutumika kama cha kauri, kikifa hupasuka na ukiwa chini unakiona. Kwenye laini ya kilovolti 220 vinaning'inia 14 au zaidi kwa mnyororo mmoja, kimoja kikifa wenzake wanabeba. Silikoni ina fimbo moja ya nyuzi za kioo ndani. Mpira ukichanika, unyevu ukaingia, cheche hutengeneza asidi ya naitriki na asidi hukata nyuzi kimyakimya, hadi siku fimbo inapokatika kama muwa na waya uko chini. Yeye huita "kufa bila kuugua". Hapo simpingi. Zipo fimbo za kioo kinachostahimili asidi, na hizo tu ndizo ningekubali zinunuliwe. Mpira uliochanika wakati wa kupandishwa nguzoni nao usifungwe, hata kama mchaniko ni wa ukucha.

Nilipomweleza haya aliuliza swali moja: nani hupanda kuzikagua? Mzigo wa silikoni ni kama moja ya kumi ya mnyororo wa kauri, nikamjibu, mtu anaupandisha begani hadi juu ya majabali ya Mabatini. Akacheka. "Kuupandisha sikatai. Nimeuliza kukagua."