Kesi ya Malkia

Retingi yangu ya chesi kwenye simu, yani alama za uwezo wangu, ilikuwa imekwama 1100 na ushee tangu masika, haipandi haishuki, na kila nikimuuliza mtu anaejua mchezo ananipa jibu lilelile: we huhesabu. Unaona farasi kakaa vibaya unamla, hujiulizi kwanini kakaa vibaya. Sa mimi ni mtu wa steshenari, kutwa nahesabu kopi za watu, ety leo naambiwa sijui kuhesabu! Roho iliniuma bana.

Nikaanza kusoma. Kuna Mrusi mmoja anaitwa Alexander Kotov, mwaka 1948 aligawana ubingwa wa Umoja wa Kisovieti na Bronstein, huyo ndo alieleza hii kazi ya kuhesabu mpaka ikaeleweka. Anasema kwanza orodhesha hatua zote zinazofaa, halafu chukua moja, ifuate mpaka mwisho wake, ukitoka hapo nenda nyingine, na ukishaipitia usirudi tena. Halafu akaelezea ugonjwa mmoja ambao nikasema huyu mtu alikuwa anachungulia dirishani kwangu: mchezaji anakaa nusu saa anapima hatua mbili, hii, ile, hii tena, ile tena, anaangalia saa inakimbia, anapaniki, anacheza hatua ya TATU ambayo hajaiangalia hata kidogo, na hiyo ndo inamzika. Yani mimi kabisa.

Nikaendelea, nikakutana na Mdachi, mwanasaikolojia, Adriaan de Groot. Huyu aliwakalisha magwiji wa chesi wenyewe, akina Alekhine, Euwe na Keres, akawawekea ubao mbele akawaambia fikirini kwa sauti, semeni kila kinachopita kichwani, yeye anaandika. Utafiti wake ukatoka 1946 na alichokikuta ni kwamba gwiji haendi mbali sana kumzidi mchezaji mzuri wa kawaida, ila anaona mapema wapi pa kuangalia. Hayo matokeo yenyewe niliyapitia harakaharaka. Nilichobeba mimi ni pale pa "kwa sauti".

Sasa niwaeleze nyumba yetu. Tandika, vyumba sita, choo kimoja, LUKU moja, ukuta wa chumba unaishia pale mbao za kenchi zinapoanzia na juu hakuna dari, kwahiyo mtu wa chumba cha kwanza akipiga chafya wa chumba cha sita anamwambia afya. Mimi nipo chumba cha pili. Chumba cha tatu anakaa Mama Malkia na mumewe na mtoto wao, Malkia, ana miaka minne, mtoto mzuri tu ila anapenda kuingia kwangu kuchukua peremende. Mumewe ni bodaboda na nyuma ya pikipiki yake, juu ya tairi, kaandika kwa rangi nyekundu MFALME WA KONA.

Nadhani mshaanza kuona tunakoelekea. Mi sikuona.

Usiku huo nilikuwa na mechi ya zile za polepole ambazo kila mtu ana siku tatu kwa hatua moja, nacheza na mtu ana bendera ya Ufilipino. Na mechi imekaa tamu. Mfalme wake yuko g8 (kila nyumba ya ubao ina jina lake, herufi na namba), farasi wangu yuko f7, malkia wangu kwa mbali anaangalia mshazari mzima mpaka kwa mfalme. Ukiijua chesi hapo mate yanakutoka, kwasababu kuna mtego wa kale mno, umo kwenye kitabu cha Mhispania Lucena cha 1497: farasi anaruka h6, inakuwa cheki, yani mfalme kashambuliwa, mbili kwa mpigo mmoja, ya farasi na ya malkia, mfalme lazima akimbilie kona h8, halafu malkia anajipeleka mwenyewe g8 aliwe, ngome yake ya f8 inamla, na ikishamla imemziba mfalme wake, farasi anarudi f7, cheki, kwisha habari. Mfalme anafia kwenye kona kabanwa na watu wake mwenyewe. Kuna wachezaji wanazeeka hawajawahi kuupata huo mtego kwenye mechi ya kweli.

Simu ikawa na chaji asilimia tatu. LUKU imekata toka jioni, zamu ya kununua umeme ilikuwa ya jamaa wa chumba cha mbele naye kasafiri kwenda msibani. Nikawahi: nikacheza farasi h6, na nikaweka zile hatua za mbele ambazo simu inakuchezea yenyewe, kwamba akienda kona malkia aingie g8, ngome ikimla farasi arudi f7. Nikabonyeza, simu ikazima.

Sasa mtu utalala? Nimejilaza gizani joto la Dar na mbu juu, nikakumbuka gwiji mwingine wa chesi, Najdorf, ambae 1947 kule São Paulo alicheza mechi 45 kwa pamoja bila kuona ubao hata mmoja, nikasema mimi hii moja itanishindaje, nikafumba macho (kulikuwa giza lakini nikafumba) nikaanza kuhesabu. Kwa sauti. Kama walivyofundishwa akina Keres.

Asubuhi nimetoka na mswaki mdomoni nakuta uani kumejaa. Mjumbe yupo, kakalia ndoo kageuza, kaunta buku mapajani. Baba mwenye nyumba yupo, na huyo huwa tunamuona tarehe moja tu. Wamama wa nyumba ya pili nao wapo, kanga mabegani, wengine wamekuja na vigoda vyao kabisa. Mama Malkia kambeba mtoto mgongoni kamfunga kwa kanga mbili, mtoto wa miaka minne, miguu inaning'inia mpaka magotini kwake.

"Kijana kaa chini," mjumbe kasema.

"Shikamoo mjumbe."

"Marahaba, kaa chini."

Nikakaa na mswaki wangu. Mama Malkia hata hakuongea, akatoa simu, akabonyeza. Kumbe usiku kanirekodi. Na mi nawaambia ukweli, sauti yangu siijui usiku inakuwaje, lakini ile iliyotoka pale hata mimi nilitaka kumkimbia mwenyewe. Nzito, taratibu, inapumua:

"Malkia namtoa... hapana, kwanza farasi. Farasi akiingia, mfalme anashtuka, anakimbilia kona. Akishafika kona ndo namtoa Malkia kafara. Lazima aliwe. Lazima. Akishaliwa tu, mfalme anakufa palepale kwenye kona, hana pa kutokea, watu wake wenyewe wamemziba..." Kimya. Mbu anasikika. Halafu: "Sawa. Tena toka mwanzo."

Kuna mama mmoja alisema "Mungu wangu" akahamisha kigoda chake nyuma. Baba Malkia alikuwa kasimama karibu na pikipiki, leo hajaiwasha, kaishika tu usukani ananiangalia.

"Huyo farasi ndo nani?" mjumbe kauliza kwa upole, kalamu tayari.

Nikasema mjumbe hii ni chesi. Mjumbe akaandika, nikaona anaandika "CHESI" halafu anaweka alama ya kuuliza. Nikasema sataranji, mchezo, ubao, kuna malkia kuna mfalme, na kutoa kafara ni kawaida, watu wanafanya dunia nzima. Hilo neno la mwisho sijui nililisema la nini, wamama waliguna mpaka kuku wakatawanyika. Simu nionyeshe ndo hiyo imekufa. Baba mwenye nyumba akasema "huyu kodi ya miezi mitatu ntamrudishia, aende."

Aliyeniokoa ni Babu. Babu ni baba yake na mwenye nyumba, anakaa barazani toka asubuhi mpaka isha na bao lake, mashimo 32, kete 64, na hapa mtaani hakuna anaemfunga. Huyo mzee akichota kete mkononi anakuwa ameshajua ya mwisho inadondokea shimo gani, inakula wapi, inazunguka tena inaishia wapi, hajasoma Kotov wala nani, na hana hata simu. Akasema kwa sauti ya kuchoka, "Kama ni mchezo atucheze tuuone. Leteni ubao wa drafti pale kijiweni."

Ukaletwa. Vizibo vya soda vikawa askari. Mfalme nikaweka betri ya redio. Ngome kiberiti. Farasi wangu ufunguo wa chumba, farasi wake ufunguo wa baiskeli ya mjumbe. Malkia wangu kikawa kikopo cha mafuta ya mgando cha Mama Malkia, alikitoa mwenyewe ila kwa masharti kwamba nisikitaje jina. Nikapanga mechi ilivyo, kila kitu mahali pake, uani kimya, watu wameinama, nikajiona kabisa mimi ndo mwalimu wa mtaa.

"Haya. Ufunguo unaruka hapa. Betri inapigwa na ufunguo, inapigwa na kikopo, mara mbili. Haiwezi kukaa. Inaenda wapi?"

"Kona," watoto wakasema.

"Kona! Sasa tazameni. Kikopo kinaenda kukaa pembeni yake kabisa, pua kwa pua. Betri haiwezi kukila, ufunguo unakilinda. Kwahiyo kiberiti lazima kikile. Kimekila! Sasa betri kajifungia mwenyewe. Ufunguo unarudi hapa, pa! Amekufa. Umeona mjumbe? Hakuna mtoto wa mtu."

Watu wakaanza kucheka, kuna mama kapiga kigelegele kabisa, Baba Malkia akaachia usukani. Mjumbe akafuta ile alama ya kuuliza. Nikaanza kukusanya vitu.

"Rudisha," Babu kasema.

"Babu?"

"Rudisha hapo kikopo kilipokaa pua kwa pua." Nikarudisha. Akanyoosha fimbo yake mpaka kwenye ufunguo wa baiskeli, uko f6 umetulia zake. "Kwanini kiberiti ndo kikile? Na huyu hapa? Amekuja kutazama?"

Jamani.

Nikaangalia. Farasi wa f6 anafika g8. Anafika vizuri tu, toka aumbwe. Akimla malkia yeye, kiberiti kinabaki palepale f8, farasi wangu akirudi f7 kinamla mchana kweupe, na mimi hapo sina malkia, sina farasi, nina vizibo. Usiku mzima nimehesabu hatua tatu mbele, nimezihesabu mpaka zimerekodiwa, na kila nikifika pale nasema "lazima" napita. Ukiniuliza mimi kwenye chesi hakuna kitu kinafilisi watu kama hilo "lazima" la mpinzani, kwasababu hatua yako unaipima ila ya mwenzio unaipangia, unamchagulia ile inayokupendeza, halafu unaita hesabu. Siku hizi kabla sijaenda popote naangalia vitu vyake vyote: nani anaweza kupiga cheki, nani anaweza kula, nani anaweza kutishia, hata kama kakaa pembeni kama mgeni wa harusi. Lakini siku ile nilikuwa nimechuchumaa tu na mswaki.

"Basi," mjumbe akafunga kaunta buku, "huyu hawezi kuwa mchawi. Mchawi gani kafara lenyewe linamshinda."

Uani pakavunjika. Mama mmoja alicheka mpaka akaegemea mbuzi wa watu. Hukumu ikatoka palepale, kwamba kwa usumbufu ninunue umeme wa nyumba nzima na usiku nihesabu kwa kunong'ona. Mama Malkia akachukua kikopo chake akakifuta vizuri na kanga, upande wa ndani na wa nje, akaingia nacho. Peremende mtoto haji tena kuchukua.

Nikanunua umeme na hela ya nauli ya wiki. Nikachomeka simu kwa shingo upande, maana zile hatua nilishaziweka, malkia wangu kama kaenda kaenda, nikawa namuwaza tu yule Mfilipino anavyonicheka.

Ikawaka. Mechi imeisha. Nimeshinda.

Nikairudisha nyuma kuangalia. Mfalme kaenda kona. Malkia wangu kaingia g8 mwenyewe. Na Mfilipino, mwenye siku tatu za kufikiria, mwenye farasi kakaa palepale f6 kamkodolea macho, kamla malkia kwa NGOME. Naye kaona lazima!

Nilitoka mbio mpaka barazani, nikampa Babu simu. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akaangalia sana, mdomo unatembea, nadhani alikuwa anaihesabu upya yote. Mwisho akanirudishia.

"Mwambie arudie."

"Babu ameshafungwa, imeisha, na mtu mwenyewe yuko Ufilipino huko."

"Kwahiyo umemfunga mtu asiyejua kwa mchezo usioujua."

"Lakini nimeshinda Babu."

"Mimi usiniambie, mwambie mwenye kikopo."

Nikageuka. Mama Malkia ndo anatoka bombani, ndoo kichwani, kanga kaifunga kiunoni. Na mimi furaha bado imenipanda, nikashindwa kujizuia.

"Mama Malkia! Yule Malkia wa jana usiku kumbe kaliwa kweli!"

Akatua ndoo.